Hoja ya Delmar Vondracek

Delmar Vondracek aligombea ujumbe wa bodi ya shule za wilaya ya Plum Fork mara saba, kuanzia mwaka 1978 hadi 2002. Alishinda mara tatu. Watu wa hapa mjini Weller wakimtaja leo hawakumbuki hata ushindi mmoja. Wanakumbuka neno moja alilolisema Februari ya mwaka 1997, na wengi wao hawakuwepo alipolisema. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa karani wa bodi tangu 1981, naketi mwisho wa meza upande wa dirisha, na kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za kikao.

Alikuwa mkulima wa Prosek, kijiji cha wazao wa wahamiaji Wacheki, maili kumi na tatu kaskazini ya mji. Prosek ilikuwa na kanisa, ukumbi wa Wacheki, baa moja, ghala la nafaka na shule ya vyumba viwili. Babu yake Delmar alibeba matofali ya shule hiyo kwa mkokoteni wa farasi, Delmar akasoma humo, na watoto wake wanne wakasoma humo. Mwaka 1978 wakati anagombea mara ya kwanza kulikuwa na wanafunzi hamsini na mmoja, na tayari kulikuwa na minong'ono mjini kwamba shule ile inastahili kufungwa na watoto waletwe Weller kwa basi. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyomfanya agombee. Hakuwahi kuwa na nyingine, na hakuwahi kujifanya anayo.

Mara ya kwanza alikuwa wa nne, na nafasi zilikuwa mbili. Hakubandika bango hata moja. Alisema kila mtu anamjua, na ilikuwa kweli kwa Prosek peke yake.

Mara ya pili, 1982, alifungana na mwenye duka la dawa, kura mia nne kumi na mbili kila mmoja. Sheria inataka bahati iamue. Karani wa kaunti aliandika majina mawili kwenye vikaratasi, akavikunja, akavitia ndani ya kopo la kahawa, akamwita mlinzi wa mahakama achomoe kimoja. Kikatoka cha mwenye duka la dawa. Delmar alilitazama lile kopo likiwa juu ya meza.

"Hata kopo lenyewe limenunuliwa mjini," alisema. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka 1986 alijifunza. Wakati wa Kwaresima, Ijumaa ya samaki wa kukaanga, alisimama kwenye ukumbi wa Prosek na kofia mkononi. Jirani yake Lumir Sedlak, baba wa ubatizo wa mwanawe Milo, mtu aliyecheza naye karata kila Jumapili, alipiga kelele kutoka meza ya nyuma.

"Sema haraka, Delmar, samaki wanapoa!"

"Wewe samaki wako umeshamaliza, Lumir, unatazama wa mke wako."

"Haya, tuambie. Tukikuchagua utatufanyia nini?"

Delmar alifikiri kidogo. Hakuwa msemaji. Kisha akasema, "Siwezi kuahidi kwamba shule haitafungwa. Pale mezani tutakuwa sita. Lakini mlango wa Prosek hautafungwa kwa mkono wangu. Hilo naahidi."

Wakampigia makofi na kugonga sakafu kwa miguu. Mwaka huo alishinda kwa kura tisini. Mwaka 1990 hakuna aliyejisumbua kushindana naye. Mwaka 1994 alipita kwa kura kumi na moja, maana mji ulikuwa umekua na Prosek imepungua, lakini alipita.

Alikuwa mjumbe wa aina inayohitajika na isiyosifiwa. Alijua kila basi kwa namba yake na ni lipi linakataa kuwaka kwenye baridi. Alienda jikoni kuonja supu. Bomba la joto lilipopasuka kwenye darasa la tatu, alifika kabla ya fundi. Hakuwahi kukosa kikao isipokuwa mara moja, alipomzika mama yake. Lakini vikao vyenyewe alivichukia. Tulikutana kwenye shule ya Weller, tukianza saa moja na nusu jioni, na yeye alikuwa mtu wa kuamka saa kumi alfajiri kukamua.

Kila kikao kilianza na ripoti. Ya mpishi mkuu, ya mabasi, ya michezo, ya majengo. Baada ya kila ripoti lazima mmoja atoe hoja na mwingine aiunge mkono, ndipo tuendelee. Wengine walikuwa wazito kufungua kinywa. Delmar alitaka kwenda nyumbani. Basi hoja zote za ripoti zilikuwa zake.

"Natoa hoja tuikubali ripoti," alisema kila mara, kabla msomaji hajaketi.

Niliwahi kuzihesabu. Kwa miaka kumi alisema hivyo zaidi ya mara mia tatu, na kila mara niliandika: *Hoja ya Vondracek, kuikubali ripoti.*

Hapa lazima nieleze jambo moja dogo. Kwenye kanuni za vikao, kupokea ripoti na kukubali ripoti ni vitu viwili. Ukiipokea, umepewa, basi, imewekwa mezani. Ukiikubali, kila kilichopendekezwa ndani yake kimekuwa uamuzi wako. Kitabu cha kanuni kilikuwa kwenye rafu nyuma ya kiti cha mwenyekiti, na sikuwahi kumwona mtu akikishusha. Kwa ripoti ya mpishi hakukuwa na tofauti. Hakuna anayeumia kwa kukubali kwamba watoto wamekula sahani elfu sita za tambi. Mimi nilijua tofauti hiyo. Niliisikia hoja ikisemwa vibaya mara mia tatu na nikaiandika ilivyosemwa, kwa sababu haikuwa kazi yangu kuwasahihisha.

Majira ya baridi ya 1996 iliundwa kamati ya majengo. Ripoti yake ilikuwa na kurasa arobaini na sita, na pendekezo la tisa, ukurasa wa arobaini na nne, lilikuwa kufunga shule ya Prosek mwisho wa mwaka wa masomo. Kila mtu alijua limo. Mpango ulikuwa ripoti isomwe Februari, halafu Aprili bodi iende Prosek kuwasikiliza watu, halafu ndipo tupige kura. Delmar alikuwa ameshahesabu. Yeye, Mwalimu Orpha Teeters aliyestaafu, na daktari wa mifugo, watatu wangesema hapana. Watatu wengine wangesema ndiyo. Tatu kwa tatu hoja inaanguka, na shule inabaki. Prosek walikuwa wamekusanya saini mia mbili na kumi na nne za kuleta Aprili. Watoto walikuwa wamebaki ishirini na tisa, wawili kati yao wakiwa wa Milo, wajukuu zake Delmar.

Kikao kilikuwa Jumatatu, tarehe kumi Februari. Theluji ilikuwa imeanguka tangu mchana. Delmar alikuja na viatu vya zizini kwa sababu alikuwa na mtamba aliyekaribia kuzaa mara ya kwanza, na Milo alikuwa safarini kufuata vipuri vya trekta.

"Delmar, leo umetuletea zizi zima," Orpha alimwambia, akisogeza kiti chake. Alikuwa amewafundisha nusu ya watu wa wilaya, na bado alizungumza nao kama wanafunzi.

"Hiyo ndiyo harufu ya maziwa unayotia kwenye kahawa yako, Mwalimu."

"Basi kuanzia leo nakunywa bila maziwa."

Mwenyekiti, Gaylord Pfeil, muuza matrekta, aligonga meza. "Mtamba vipi?"

"Kamwulize mwenyewe. Mimi nilipotoka alikuwa amelala chini ananitazama vibaya."

"Tutajitahidi tumalize mapema, mzee."

Hatukumaliza mapema. Mkurugenzi wa shule za wilaya, Dokta Stoltenow, aliisoma ripoti yote ya majengo, akionyesha michoro ukutani. Alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, anayekunja karatasi zake kwa uangalifu. Delmar alitazama saa ya ukutani, kisha dirishani, kisha saa. Mara mbili aliinuka nusu, akaketi. Stoltenow alipofika mwisho alisema asante, akaketi.

"Kuna hoja juu ya ripoti hii?" Pfeil aliuliza.

"Natoa hoja tuikubali," Delmar alisema.

Pfeil aliinua kichwa. Nakumbuka hilo vizuri. Aliinua kichwa, akamtazama Delmar juu ya miwani yake. "Kuikubali?"

"Kuikubali, Gaylord, kama siku zote! Ng'ombe wangu hasomi kanuni."

Watu walicheka. Orpha, bado anacheka, akasema anaiunga mkono. Pfeil akaita majina. Sita ndiyo, hakuna hapana. Dokta Stoltenow alifunika kalamu yake, akaiweka mfukoni, na hakumtazama mtu.

Delmar alikuwa wa kwanza kutoka. Alipofika zizini ndama alikuwa ameshazaliwa, mzima, amesimama, ananyonya. Hakuhitajika kabisa.

Siku kumi baadaye ikaja barua ya mwanasheria wa bodi. Ilikuwa aya mbili. Ilisema kwamba kwa kuwa bodi imeikubali ripoti bila kupingwa, pendekezo la tisa sasa ni uamuzi wa bodi, na mkutano wa Aprili hauna ulazima tena. Kila mjumbe alipata nakala.

Delmar alikuja ofisini kwangu asubuhi iliyofuata. Alivua kofia, akasimama mlangoni.

"Naomba kuona daftari lako, dada."

Nililifungua kwenye ukurasa ule nikamgeuzia. Alisoma kwa kidole. Kisha akasoma tena.

"Uliisema, Delmar," nilimwambia.

"Najua niliisema. Nilitaka kujua kama wewe uliiandika."

"Kumbukumbu hazijathibitishwa. Zitathibitishwa kikao cha Machi. Pale mjumbe yeyote anaweza kuleta marekebisho." Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyo, lakini najua alisikia zaidi ya utaratibu.

Nje basi namba saba lilikuwa linakataa kuwaka, na kwa mara ya kwanza sikumwona akigeuka kulisikiliza.

"Ungekuwa mimi ungesemaje?" aliuliza.

"Wewe ungekuwa mimi ungeandika nini?"

Alivaa kofia yake. "Ningeandika nilichosikia," akasema, akatoka.

Machi kumi watu kama arobaini wa Prosek walikuja kikaoni. Hawakuwa wamewahi kuja wengi hivyo. Viti havikutosha, wakasimama ukutani na makoti yao. Walikuwa wamesikia habari ya barua, lakini si wote walioamini. Lumir Sedlak alikuwa mbele, na zile saini mia mbili kumi na nne kwenye bahasha.

Kabla ya kuanza, Orpha aliinama kwa Delmar. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Zikisomwa kumbukumbu, wewe sema ulisema kupokea. Sema karani alikosea. Nani atakubishia? Mimi sitabisha."

"Gaylord aliniuliza mbele ya watu wote, Mwalimu. Nikarudia."

"Gaylord hatabisha mbele ya watu arobaini. Sema, mwanangu."

Daktari wa mifugo hakuwepo. Ulikuwa msimu wa kuzaa ng'ombe, na yeye alikuwa kwenye shamba la mtu fulani, mkono mzima ndani ya ng'ombe. Walikuwa watano mezani.

Pfeil alifungua kikao. "Kumbukumbu za kikao kilichopita mnazo. Kuna marekebisho?"

Alimtazama Delmar. Wote walimtazama Delmar. Hata Stoltenow alimtazama. Sijui Pfeil alitaka nini moyoni mwake. Huenda alikuwa anampa nafasi, huenda alikuwa anamtega. Alisubiri muda mrefu kuliko kawaida. Mimi niliishika kalamu.

"Hakuna marekebisho," Delmar alisema. "Ziko sawa."

Zikathibitishwa. Mara moja Delmar akainua mkono.

"Natoa hoja tufute uamuzi wa kuikubali ripoti ya majengo, na tuisikilize Prosek Aprili kama tulivyoahidi."

"Hoja imetolewa," Pfeil alisema. "Nani anaiunga mkono?"

Delmar alimgeukia Orpha. Orpha alikuwa anafungua kifuniko cha chupa yake ya kahawa. Alikifungua, akakifunga, akakifungua tena. Sikuwahi kuona kifuniko kinachohitaji kazi nyingi namna ile.

"Kwa mara ya mwisho. Nani anaiunga mkono?"

Bomba la joto lilikuwa linagonga ukutani.

"Hoja imeanguka kwa kukosa wa kuiunga mkono. Tuendelee na ripoti ya mpishi."

Ndipo Lumir aliposema kutoka ukutani, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa. "Kwa mkono wako, Delmar. Ulituahidi, na ukafanya kwa mkono wako mwenyewe." Aliiweka ile bahasha sakafuni, hakumpa mtu, akatoka, na wengine wakatoka nyuma yake mmoja mmoja, wakivuta zipu za makoti. Ripoti ya mpishi ilisomwa kwa viti vitupu. Baada yake Pfeil aliuliza kama kuna hoja. Alilazimika kumwomba mtu aitoe.

Baada ya kikao Delmar alimngoja Orpha kwenye ngazi.

"Ungesema neno moja tu, Mwalimu. Hata tungeshindwa, ingeandikwa kwamba tulipinga."

"Nilikuonyesha mlango ulio wazi ukaukataa," Orpha alimjibu. "Sasa unataka nipite nawe dirishani? Simu yangu inalia tangu asubuhi hadi usiku, Delmar. Watu wa Prosek wananitukana, watu wa mji wananitukana. Sasa imekwisha, na nashukuru imekwisha. Niache niende nyumbani."

Shule ilifungwa tarehe ishirini na tatu Mei. Agosti, Milo alihamia mji wa Lincoln, kwa sababu mkewe alikataa watoto wakae kwenye basi dakika hamsini asubuhi na hamsini jioni. Delmar alibaki na ng'ombe sitini na mikono miwili. Ilipofika Krismasi alikuwa ameuza wote. Karata za Jumapili hazikuisha kwa ugomvi. Jumapili moja Lumir hakuja, iliyofuata Delmar hakungoja.

Uchaguzi wa 1998 Lumir aligombea dhidi yake. Bango lake lilikuwa na maneno mawili: FUNGUA PROSEK. Delmar hakubandika kitu, kama 1978. Nilimuuliza kwa nini anagombea.

"Bado nina hoja moja ya kutoa," alisema. "Ya kufuta. Safari hii nitakuja na mtu wa kuniunga mkono hata kama itabidi nimzae."

Matokeo ya kila kituo hubandikwa mlangoni. Pale Prosek yalibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa Wacheki. Watu hamsini na nane walipiga kura. Delmar alipata saba. Alisimama pale asubuhi ya Jumatano akayasoma, na mwenye baa, aliyenisimulia, anasema aliyasoma kama mtu anayesoma karatasi ya mtihani ya mtoto wake. Kisha akaenda nyumbani. Mkewe, Bernadine, alikuwa anakanda unga wa kolachi, yale maandazi ya Kicheki ya jibini, kwa ajili ya mazishi ya mtu fulani kanisani.

"Saba," alimwambia.

"Nimesikia."

"Najiuliza ni nani hao saba."

Bernadine hakuacha kukanda. "Nilikupigia kura, Delmar. Usiniulize tena."

Hakumuuliza tena, lakini Bernadine mwenyewe aliniambia hilo miaka mingi baadaye, kanisani, tukikausha vyombo. Alisema jambo lililomkera si kura saba. Ni kwamba mumewe, aliyekuwa amelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na saba, alisimama jikoni akimhesabu kama yumo au hayumo.

Lumir alikaa kwenye bodi miaka minne. Nina kumbukumbu zote. Hakuwahi kutoa hoja ya kufungua Prosek. Mwezi wa kwanza alisema anajifunza. Mwaka wa pili jengo liliuzwa na yeye mwenyewe akalinunua kuwekea majani makavu, maana shamba lake limepakana nalo. Kusema kweli bei ilikuwa ya haki na hakuna mwingine aliyelitaka. Lakini siku ya kikao chake cha kwanza mpishi aliposoma ripoti, Lumir alijinyoosha akasema, "Natoa hoja tuikubali," na vichwa vyote vikamgeukia.

"Kuipokea, bwana," Pfeil alimsahihisha, upesi sana. "Hapa tunapokea."

Kuanzia hapo Dokta Stoltenow alichapisha vikadi vidogo, kimoja mbele ya kila kiti, vimeandikwa kwa herufi kubwa: SEMA KUPOKEA. Viko pale mpaka leo. Wajumbe wapya hudhani ni mzaha.

Mwaka 2002 Delmar aligombea mara ya saba. Alikuwa na miaka sitini na sita. Prosek ilikuwa imebaki na wapiga kura thelathini na mmoja, kanisa linapata padri mara mbili kwa mwezi, na ukumbi umefungwa isipokuwa kwa mazishi. Alipata kura tatu pale Prosek na mia moja na kitu kwingineko. Hakuenda mlangoni kuyasoma.

Wiki mbili baada ya uchaguzi huo alikuja kikaoni kama mwananchi wa kawaida. Alijaza fomu ya kuomba kusema, akaniletea, nikaiweka mbele ya mwenyekiti. Mwananchi hupewa dakika tatu. Tunapima kwa saa ya kuchemshia mayai, ya plastiki, ambayo mtu alileta kutoka jikoni kwake miaka ya nyuma na hakuirudisha.

Lazima niseme kuhusu kibao kimoja. Watoto wa Prosek walipoletwa mjini, shule ya Weller iliongezewa vyumba vinne upande wa mashariki. Vilifunguliwa Septemba 1999. Juu ya mlango wa upande huo kuna kibao cha shaba, na kama ilivyo desturi, kina majina ya wajumbe waliokuwa kwenye bodi ripoti ya majengo ilipokubaliwa. Jina la Delmar Vondracek ni la tatu kutoka juu.

Alisimama kwenye kipaza sauti na kofia mkononi. Pfeil aliigeuza ile saa.

"Sitakula dakika zenu," Delmar alisema. "Naomba jina langu liondolewe kwenye kile kibao. Linaweza kusuguliwa, au fundi wa shaba aweke kipande juu yake. Mimi nitamlipa. Watoto wa Prosek wanapita chini yake kila asubuhi wakienda darasani, na wanajua kusoma. Ni hilo tu."

Lumir, aliyekuwa amebakiza kikao kimoja, alikitazama kikadi kilichokuwa mbele yake. Orpha hakuwepo, alikuwa amefariki majira ya kiangazi. Saa ya mayai iliendelea kugonga, maana alikuwa ametumia chini ya dakika moja na hakuna anayejua jinsi ya kuisimamisha.

"Asante, Delmar," Pfeil alisema. "Ombi lako limepokelewa."

Delmar hakuondoka kwenye kipaza sauti.

"Limepokelewa, Gaylord, au limekubaliwa?"

Kwenye safu za nyuma mtu alicheka, kisha akajuta. Pfeil alivua miwani yake. Nilimjua miaka mingi na nadhani kwa mara hiyo moja aliona aibu. Akavaa miwani tena.

"Limepokelewa," alisema.

Delmar aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa. Akanigeukia mimi, si Pfeil. "Umeandika, dada?"

"Nimeandika."

"Vizuri," akasema, akavaa kofia, akatoka kwa mlango wa mashariki, chini ya kibao.